Vitafunwa vya pakiti vya Pwani: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Krispi za muhogo zikiwa zimetoka kwenye karai hazina mpinzani katika vitafunwa vyote vinavyouzwa kuanzia Mtwara hadi Lamu. Zitie kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, uunguze mdomo wa mfuko kwa mshumaa, uutundike mbele ya duka wiki tatu, kisha uonje tena. Utatafuna kitu kigumu kama gome, kina harufu ya mafuta ya juzi. Muhogo ni ule ule na pilipili ni ile ile, ila hewa imeingia.

Ndiyo maana tathmini hii inaipa pakiti alama pamoja na kilichomo. Hewa ya Pwani imejaa maji karibu mwaka mzima, na kitu kilichokaangwa hadi kubaki na maji asilimia 2 kinayanyonya maji hayo kupitia tundu lolote kitakalolipata. Mtengenezaji akikaanga vizuri na kufunga vibaya, mnunuzi amepata hasara ile ile ya kununua kitu kilichokaangwa vibaya.

Kila aina imepewa alama kati ya 10: mlio na ukavu 3, ladha 3, hali ya mafuta 2, pakiti na lebo 2. Utaratibu wa kuonja ni rahisi na mtu yeyote anaweza kuufuata nyumbani. Anza na vyenye chumvi tupu, umalizie na vyenye pilipili, kwa sababu ulimi ukishawaka hautambui tena kitu kingine. Pakiti ikifunguliwa, pua itangulie mdomo: ingiza pua kwenye mdomo wa pakiti sekunde ile ile, maana harufu ya mafuta yaliyochacha hukusanyika juu na hutoweka upesi. Vunja kipande karibu na sikio. Tafuna, meza, kisha subiri huku ukihesabu hadi ishirini. Mafuta mabaya hujificha nyuma ya chumvi na pilipili, na hujitokeza kooni baada ya kumeza, kwa ukakasi unaokwaruza. Kati ya aina moja na nyingine, tumia maji ya kawaida na kipande cha mkate mkavu. Soda na chai hazifai, sukari yake inakudanganya.

Krispi za muhogo

Hizi zinastahili maelezo marefu kwa sababu ndizo zenye tofauti kubwa kabisa kati ya pakiti nzuri na pakiti mbaya.

Chukua kipande kimoja kizima, ukiinue kuelekea dirishani. Kilichokaangwa vizuri kina rangi ya siagi, kingo zimejikunja kidogo, na juu yake kuna malengelenge madogo madogo kama ya chapati. Katikati utaona kitundu au nukta, mahali ulipopita uzi wa muhogo. Mwanga unapita sawasawa kote. Kilichokosewa kina doa katikati linalong'aa kama kioo, na ukiuma hapo jino linagonga. Doa hilo ni sehemu ambayo haikukauka: kipande kilikatwa kinene, zaidi ya milimita 2, au mafuta yalikuwa makali mno, nje kukaiva na ndani kukabaki. Unene unaofaa ni kati ya milimita 1 na 1.5, na mafuta yawe kwenye nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Chini ya hapo muhogo haukaangiki, unachemka ndani ya mafuta na kuyanywa. Kosa hili hutokea hata kwa mpishi mzoefu akijaza karai kupita kiasi, kwa sababu kila kiganja cha muhogo mbichi kinashusha joto, na mafuta yakishashuka huchukua muda kupanda tena.

Ukikuta vipande viwili vimegandana kama midomo, jua wanga haukuoshwa. Vipande vikishakatwa vinatakiwa kuoshwa kwenye maji mengi, mara mbili au tatu, hadi maji yaache kuwa meupe, kisha vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia kwenye mafuta. Vilivyogandana vina ute katikati hata vikikaa kwenye mafuta muda gani, na ute huo ndio unaoanza kunuka kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye lebo.

Mistari ya kahawia au ya kijivu ndani ya kipande ina sababu nyingine. Muhogo hauvumilii kukaa. Baada ya siku mbili au tatu tangu uchimbwe unaanza kupiga mistari ya bluu na nyeusi, na moto wa mafuta huigeuza mistari hiyo kuwa kahawia chungu. Pakiti yenye vipande vingi vya namna hiyo imetoka kwa mtu aliyenunua muhogo uliolala sokoni. Uchungu wa aina hii uko kwenye mistari tu. Kipande cheupe kisicho na doa kikiwa kichungu, hilo ni jambo zito zaidi: muhogo mchungu una viini vinavyotoa sianidi, na kukaanga kwa dakika chache hakuviondoi vyote. Pakiti hiyo isiliwe, hasa na mtoto.

Kuhusu pilipili na ndimu, ni vizuri kuelewa tofauti ya pakiti na krispi za barabarani. Mchuuzi wa eneo la Mama Ngina, ufukweni kule Mombasa, anakunyunyizia pilipili na kukukamulia ndimu hapo hapo, nawe unakula kabla krispi hazijalowa. Ndimu ya maji haiwezi kuingia kwenye pakiti. Mtengenezaji analazimika kutumia ndimu ya unga, na unga huo unashika tu ukinyunyizwa wakati krispi bado zina moto na mafuta ya juu hayajakauka, yaani ndani ya dakika ya kwanza baada ya kutolewa. Akichelewa, unga wote unateremka. Kipimo chake ni hiki: mimina pakiti nzima kwenye sahani, kisha tazama kilichobaki mfukoni. Vumbi kidogo si neno. Ukikuta kijiko kizima cha pilipili na chumvi, jua vipande vya juu ulivyokula vilikuwa vitupu, na vya chini vitakuunguza.

Za pilipili na ndimu, kwenye pakiti nene yenye utando wa rangi ya fedha ndani: 9. Zile zile kwenye nailoni angavu: 6 zikiwa mpya, na baada ya mwezi hazifiki 4. Za chumvi tupu zinaonyesha ladha ya muhogo kuliko zote, ile ladha ya mbali kama ya njugu, na kwa mtu anayetaka kumpima mtengenezaji ndizo za kununua kwanza. Pilipili inafunika mengi.

Ndizi na viazi

Krispi za ndizi nzuri zinatoka kwenye mzuzu au ndizi nyingine ya kupika ikiwa mbichi kabisa, ganda la kijani bila doa la njano. Ndizi ikianza kuiva wanga wake unageuka sukari, na sukari kwenye mafuta ya moto hukimbilia kahawia kabla kipande hakijakauka. Matokeo yake ni krispi nyeusi kingoni, laini katikati. Kwa hiyo pakiti angavu ina faida moja hapa: unaona rangi kabla ya kulipa. Tafuta njano iliyo sawa. Njano kali inayobaki vidoleni ni manjano iliyotiwa makusudi, haina ubaya, lakini inatakiwa kutajwa kwenye viambato. Tatizo la ndizi ni kwamba zikiwa za chumvi tupu zinachosha baada ya kiganja cha pili, zinakausha mdomo. Zenye pilipili manga ni bora zaidi. Alama 7.

Viazi vinapata 7 pia, kwa sababu tofauti kabisa: ladha yake ni ya kawaida, lakini viwanda vya viazi ndivyo vilivyojua kufunga. Gesi ya naitrojeni inaingizwa kufukuza oksijeni, pakiti haipitishi mwanga, na mshono wa joto umenyooka. Wakenya wana bahati ya kiazi cha Dutch Robijn, chenye ganda jekundu, ambacho kina maji machache na sukari kidogo, kwa hiyo krispi yake inatoka ya dhahabu. Shangi, ambacho ndicho kinachojaa masokoni, kinafaa zaidi kwa chipsi. Ukikuta krispi za viazi zenye duara la kahawia, mara nyingi kiazi kilihifadhiwa kwenye baridi chini ya nyuzi 8, wanga ukageuka sukari. Vipande hivyo vya kahawia vitupe. Uchungu ni sababu ya kwanza, na ya pili ni akrilamaidi, kemikali ambayo watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba huzaliwa vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Kadiri kipande kinavyozidi weusi ndivyo inavyoongezeka. Ukingo wa kijani nao uachwe.

Kwa wanaohesabu mafuta: karibu theluthi moja ya uzito wa krispi za viazi ni mafuta. Pakiti ya gramu 30 ina kama gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai.

Korosho

Korosho za pakiti ndizo ghali kuliko vyote hapa, na ndizo rahisi kudanganyiwa. Bahati nzuri, kipimo chake kiko wazi. Madaraja ya korosho nzima nyeupe huandikwa W180, W240, W320, na nambari hiyo ni idadi ya punje kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Nambari ikiwa ndogo, korosho ni kubwa. Ukiwa na pakiti ya gramu 100 unaweza kukagua mwenyewe mezani: W180 inatoa punje kama 37 hadi 40, W240 inatoa 48 hadi 53, na W320 inatoa 66 hadi 70. Zilizookwa zimepoteza maji kidogo, kwa hiyo ongeza moja au mbili. Pakiti iliyoandikwa W240 ukahesabu punje 68, umelipia ukubwa usioupata.

Ukubwa hauongezi utamu, hilo lisemwe waziwazi. W320 iliyookwa mwezi huu inaishinda W180 iliyokaa mwaka mzima. Kinachoamua ladha ni lini iliokwa na ilifungwaje. Korosho iliyochacha ina harufu inayokumbusha rangi ya mafuta ya kupaka milango, na ukiipata harufu hiyo usijaribu kuiokoa kwa kuioka upya, moto unaizidisha. Korosho nzuri inavunjika mara moja, inakuwa krimu mdomoni kabla ya kumezwa, na utamu wake unabaki ulimini bila ukakasi.

Msimu wa kusini, Mtwara, Lindi na Ruvuma, mavuno yanaingia mnadani kuanzia Oktoba, na sehemu kubwa ya korosho ghafi inasafirishwa kwenda India na Vietnam. Zinazobanguliwa nchini ndizo zinazofaa kutafutwa na mlaji wa hapa: tarehe ya kutengenezwa ikiwa kati ya Novemba na Machi, uwezekano ni mkubwa zaidi kwamba ni za msimu mpya.

Kagua rangi pia. Kahawia iliyosambaa sawasawa ni ya kuokwa. Madoa meusi yenye kingo, upande mmoja tu wa punje, yanaweza kuwa mafuta ya ganda yaliyorukia wakati wa kubangua. Mafuta hayo yanachoma, na mtu akiwashwa midomo baada ya korosho chache asidhani ni pilipili. Nyuzi nyembamba kama za buibui na unga chini ya pakiti ni kazi ya wadudu, na pakiti hiyo irudishwe dukani na risiti yake.

Nzima zenye chumvi, pakiti isiyopitisha hewa: 8.5. Nusu na vipande vina ladha ile ile kwa bei ndogo, na kwa mtu wa kupikia pilau au kusaga mchuzi ni kupoteza fedha kununua nzima. Zenye pilipili tumezipa 7, kwa sababu wengi wanaotia pilipili wanatumia korosho za daraja la chini zilizoungua kidogo.

Karanga

Hapa usalama unatangulia ladha. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri, haionekani kwa macho na kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5. Mlaji hana mashine ya kupima, lakini ana macho. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye punje chache mbovu: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijivu au kijani, zilizotobolewa. Mtengenezaji makini anazichambua kabla ya kukaanga. Mwaga pakiti kwenye sahani nyeupe. Punje mbovu zikizidi mbili au tatu kwenye gramu 100, uchambuzi haukufanyika, usile hata zile zilizobaki. Na punje moja chungu mdomoni itemwe, isimezwe kwa aibu.

Kwa sababu hiyo karanga za chumvi zenye ngozi zake au zilizomenywa tunazipa 7, na karanga za mayai, zile zilizovikwa unga, tunazipa 5 tu ingawa ni tamu na watoto wanazipenda. Koti la unga linaficha punje. Unakula usichokiona, na lazima umwamini mtengenezaji moja kwa moja. Ukizitaka, pasua kumi kwa kisu kabla ya kumpa mtoto: ndani pawe pa rangi ya krimu, na koti lishikane na punje bila kuacha uwazi. Uwazi mkubwa kati ya koti na punje huashiria karanga iliyosinyaa.

Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe karanga nzima za aina yoyote, wala mbegu za ubuyu. Zinakaba.

Ubuyu

Ubuyu wa Zanzibar ndio kitafunwa cha pakiti kinachosafirishwa mikononi mwa wasafiri kuliko vyote, hadi Muscat na London, na ukitengenezwa sawasawa unastahili safari hiyo. Kazi yote iko kwenye shira. Sukari na maji vinachemshwa pamoja na rangi, iliki, chumvi kidogo na pilipili, hadi shira inapovuta uzi kati ya kijiko na sufuria. Ndipo ubuyu unatiwa, moto unapunguzwa, na unageuzwa bila kupumzika hadi kila mbegu ivae koti, kisha unatandazwa kwenye sinia upoe. Shira ikitolewa mapema, ubuyu unabaki unanata na baada ya wiki mbili ni donge moja. Ikipitiliza, sukari inarudi kuwa chembechembe, unga wa ubuyu unabanduka, na kwenye pakiti unakuta mbegu uchi zikielea juu ya vumbi jekundu.

Uonje kwa kumumunya, usitafune. Ubuyu mzuri unakuja kwa hatua: kwanza sukari na iliki, halafu pilipili inapanda taratibu pembeni mwa ulimi, mwisho unakuja uchachu wa ubuyu wenyewe, mpana, wa ungaunga, unaokaa hadi mbegu ibaki tupu. Uchachu ukiwa mkali mwanzoni tu kisha ukakatika ghafla, hiyo ni ndimu ya unga iliyotiwa kufidia ubuyu wa zamani uliopoteza makali. Unga wenyewe uwe mnene juu ya mbegu. Mbegu yenye utando mwembamba imetokana na ubuyu uliokwisha kusuguliwa unga wake ukauzwa kando.

Rangi ndiyo inayowashushia wengi alama. Nyekundu ya kawaida haina tatizo ikiwa ni rangi ya chakula na imetajwa kwa jina au kwa nambari yake, kama E122, E124 au E129. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka pakiti zenye rangi hizo ziandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu wa watoto. Pakiti nyingi za ubuyu zimeandikwa "rangi" tu, na nyingine hazina lebo kabisa. Ubuyu wa rangi ya asili, ule mweupe wenye sukari na iliki, upo madukani na una ladha safi zaidi. Tungependa uzoeleke.

Mwekundu wenye pilipili, lebo kamili: 8. Usio na lebo: 5, hata uwe mtamu namna gani. Mweupe: 8.5.

Kashata, chevda na bisi

Kashata ya nazi ya pakiti ina adui wa pekee. Nazi ikipata unyevu mafuta yake yanavunjika na kutoa ladha ya sabuni, ndiyo maana kipande kinachoonekana kizima kabisa kinaweza kukupa mdomo wa mtu aliyekosea akalamba mche wa kufulia. Hakuna iliki inayoweza kuficha hilo. Nunua iliyokauka, inayokatika kwa mlio, yenye tarehe isiyozidi wiki chache. Alama 6. Kashata ya karanga inadumu zaidi, 7, ila masharti yale ya karanga yanaifuata.

Chevda inafika 8 kirahisi. Mchanganyiko wa tambi za dengu, mchele uliopondwa na kukaangwa, karanga, zabibu kavu na viungo unampa mlaji kitu tofauti kila kiganja. Tazama zabibu: ndizo zenye maji, na zikiwa nyingi zinawapa wenzake unyevu hadi tambi zilegee. Watengenezaji wazuri wanatia chache na kavu sana. Mvuje, kile kiungo chenye harufu kali, ukiunusa kidogo tu ukifungua, mpishi anaijua kazi yake.

Bisi za pakiti tumezipa 4. Bisi zinanyonya unyevu kuliko kitu chochote kwenye orodha hii, na za kukaanga nyumbani zinachukua dakika tano.

Kukagua pakiti kabla ya kulipa

Bonyeza pakiti kwa viganja viwili, ushikilie. Ikitulia na kurudisha nguvu, mshono uko sawa. Ikilegea polepole, inavuja. Nyumbani unaweza kuthibitisha kwa kuizamisha kwenye beseni la maji na kubonyeza: viputo vitakuonyesha tundu lilipo, na mara nyingi ni kwenye pembe au pale mshono wa mgongo unapokutana na wa juu. Pakiti zilizobanwa kwa mshumaa zinavuja mara nyingi kwa sababu moto unayeyusha mahali na kuruka mahali. Mashine ndogo ya mezani ya kubana kwa joto ingemaliza tatizo hilo, na tunamsihi kila mjasiriamali wa krispi ainunue kabla ya kufikiria ladha mpya.

Angalizo moja kwa wa Mombasa: pakiti ya krispi iliyofungwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ikishuka Pwani inanywea karibu moja ya tano, kwa sababu hewa ya chini ni nzito zaidi. Kunywea huko peke yake si kuvuja. Kinyume chake, pakiti ya Dar es Salaam ikipanda Mbeya inavimba kama puto, na iliyofungwa vibaya inapasukia njiani.

Soma uzito halisi, kisha gawa bei. Pakiti ya gramu 30 kwa shilingi 500 ni zaidi ya shilingi 1,600 kwa gramu 100. Ya gramu 150 kwa shilingi 2,000 ni kama 1,330. Pakiti kubwa ina faida iwapo italiwa ndani ya siku mbili. Kwenye chumvi, lebo ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Ikizidi gramu 1.5 kwa kila gramu 100, hiyo ni chumvi nyingi, ukikumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote.

Tanzania Bara alama ya kutafuta ni ya TBS, shirika la viwango, iliyopokea kazi ya usalama wa chakula kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019. Shirika la viwango la Zanzibar ni ZBS, na la Kenya ni KEBS. Msimbomilia unaoanza na 620 umesajiliwa Tanzania na wa 616 Kenya, lakini hiyo ni habari ya usajili tu. Haithibitishi mahali kitu kilipokaangiwa wala ubora wake.

Na usinunue pakiti angavu iliyotundikwa juani, hata kama tarehe yake ni ya jana. Mwanga na joto vinachachisha mafuta upesi kuliko siku kupita. Mwombe muuzaji akutolee iliyo ndani ya katoni.

Zikishafika nyumbani

Krispi zilizolegea bila kuchacha zinarudi. Zitandaze kwenye sinia, safu moja, oveni nyuzi 110 kwa dakika sita hadi nane, au kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo ukizigeuza. Zitoe zikiwa bado zimelegea kidogo, zinakazika zikipoa. Zisubiri zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, la sivyo mvuke wake wenyewe utazilowesha upya. Zilizochacha hazina dawa.

Pakiti iliyofunguliwa isikunjwe na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Hamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, mbali na jiko na dirisha, na ujaze chupa ndogo badala ya kuacha kubwa nusu, maana hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoharibu. Korosho na karanga za akiba zinakaa vizuri kwenye friji zikiwa zimefungwa, ila chupa ifunguliwe ikishafikia joto la chumba. Ubuyu uachwe nje ya friji, na uchotwe kwa kijiko kikavu: mkono wenye maji ukiingia mara moja tu, koti la sukari linaanza kuyeyuka, na kufikia kesho mbegu zote zimeshikana.